Taya la Mtoto, Ulimi wa Babu

Ukikaa stendi ya Tunduma ukauliza watu kumi kansa ya mdomo ni ugonjwa wa nani, wote kumi watakujibu: wa wazee. Labda mmoja mjuaji ataongeza: wa wazee wala tumbaku. Hakuna atakayekutajia mtoto wa miaka 5. Wala hakuna atakayekutajia utingo wa lori wa miaka 28. Lakini mimi niliyekulia Sogea, hatua chache tu kutoka foleni ya malori, hao wote watatu nawajua. Mzee alikuwa wa nyumbani kwetu, mtoto alikuwa wa jirani, na huyo utingo, kila mtu wa mtaani aliyekuwa mtu mzima miaka ya tisini anaye wake wa kukusimulia.

Mimi si daktari. Nilisoma HKL, na mwalimu wetu wa historia alikuwa na msemo wake kwamba kila kitu kina historia, hata chumvi ya mezani. Basi nikasema kama chumvi inayo, hata kidonda cha mdomoni kinayo. Nikaanza kuitafuta, kitabu hiki, jarida lile, mganga mkuu huyu, nesi mstaafu yule. Nilichokikuta ni kwamba kinywa ni kimoja, lakini kansa inayoingia humo inabadilika kwa umri wa mwenye kinywa. Inabadili jina, inabadili mahali pa kukaa, na kubwa zaidi inabadili saa yake. Ya mtoto inakwenda kwa siku. Ya mzee inakwenda kwa miaka. Sisi huku mpakani tumezigeuza: ya mzee tunaiogopa kama radi, ya mtoto tunaiita jino.

Tuanze na wazee, maana heshima kwanza.

Kansa ya wazee huota kwenye ile ngozi laini yenye unyevu inayofunika ulimi, ufizi, mashavu kwa ndani na sakafu ya mdomo. Haianzi kwa ghafla. Inataka kuchokozwa kwanza, miaka 20, miaka 30, na mchokozi mkubwa ni tumbaku. Hili si jambo la juzi. Mwaka 1761 kule London bwana mmoja aitwaye John Hill alitoa kijitabu cha kuwaonya watu wanaonusa ugoro kupita kiasi, kwa kuwa alikuwa ameona wanusaji waliopata uvimbe mbaya puani. 1761! Huo mpaka uliotugawa sisi na ndugu zetu wa Nakonde, Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu yake mwaka 1890, miaka 129 baadaye. Onyo la ugoro ni la zamani kuliko Tunduma yenyewe kuwa mpakani.

Na kwa wewe unayeota kuandika kitabu, kuna kisa kimoja ambacho sitaki kikupite. Ulysses Grant, jenerali aliyeshinda vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani na baadaye akawa rais, alikuwa mvuta sigara kubwa, moja baada ya nyingine. Mwaka 1884 akafilisika kwa kutapeliwa, na mwaka huo huo koo likaanza kumuuma. Ilikuwa kansa. Akajua atakufa akiwa hana senti ya kumwachia mkewe, ndipo akaanza kuandika kumbukumbu zake za vita. Aliandika akiwa hawezi kumeza, na mwisho hata sauti ikamwisha. Alimaliza kitabu siku chache tu kabla ya kufa, Julai 1885, akiwa na miaka 63. Mwandishi Mark Twain ndiye aliyekitoa kupitia kampuni yake, na familia ikapata fedha nyingi. Sisi tunaolalamika kwamba hatuandiki kwa sababu umeme umekatika, tumkumbuke huyu bwana.

Basi turudi kwetu. Tumbaku ni mgeni Afrika, imetoka Amerika, lakini imekaa hapa hadi ikapata uraia. Ugoro wa wazee wetu ni majani yaliyokaushwa, yakasagwa, yakachanganywa na magadi. Watu wanadhani magadi ni ya kuongeza ladha. Kumbe ndiyo yanayofanya ule ulevi wa tumbaku uachie upesi na kupenya kwenye ngozi ya mdomo. Wengine wananusa, wengine wanaweka nyuma ya mdomo wa chini na kutema. Ongeza hapo komoni ya jioni, au gongo kwa mwenye roho ngumu. Pombe na tumbaku vikikutana mdomoni havijumlishani, vinazidishana.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Ileje, na kikopo chake cha ugoro kilikuwa kama kiungo cha mwili. Alikuwa na miaka 71 kidonda kilipotokea pembeni mwa ulimi. Kilikuwa kidogo, hakiumi sana, kina kingo ngumu. Mwenyewe alisema amejiuma wakati wa kula. Watu wazima wa nyumbani wakamletea maji ya chumvi, kisha mizizi, kisha vidonge vya dukani. Mwezi wa tatu hakikupona. Mwezi wa sita ulimi ukawa mzito, maneno yakaanza kutoka yamekunjamana, na pale shingoni chini ya sikio kukaota kitu kama punje ya karanga. Hapo ndipo akapelekwa Mbeya, na Mbeya wakamwandikia Dar es Salaam, Ocean Road.

Kwa kalenda ya kansa ya wazee, Babu alikuwa na nafasi kubwa kabisa. Kidonda kisichopona kwa wiki 3, au baka jeupe au jekundu lisilofutika, ndiyo barua ya kwanza. Ukiipokea hapo, daktari wa upasuaji anakata kipande kidogo na mtu anaendelea kula ugali wake. Babu barua ile ilimkuta na ikakaa mezani miezi 6. Alipigwa mionzi, akarudi, akakaa nasi mwaka mmoja na kidogo. Alikufa akiwa anaongea kwa kuandika mchangani kwa kidole.

Hilo jengo la Ocean Road nalo lina historia yake. Lilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 kwa ajili ya wagonjwa wa kizungu, pale ufukweni penye upepo. Mwaka 1996 ndipo sheria ya Bunge ikalifanya Taasisi ya Saratani. Kutoka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900 za lami. Kumbuka mwaka huo wa 1897, maana mwaka huo huo, kaskazini kabisa, daktari mmoja mmishenari aliingia Kampala, na kwake ndiko hadithi ya watoto inakoanzia.

Daktari huyo ni Albert Cook, mwanzilishi wa hospitali ya Mengo. Alikuwa mtu wa kumbukumbu, kila mgonjwa kaandikwa. Katika madaftari yake ya miaka ya mwanzo ya karne ya 20 wamo watoto waliovimba mataya. Cook aliandika, akafunga daftari, akaendelea na kazi. Wakaja madaktari wengine nao wakaandika. Kila mmoja alimwona mtoto mmoja mmoja, na kila mmoja alimpa ugonjwa wake jina lake: huyu uvimbe wa taya, yule uvimbe wa figo, mwingine wa ovari. Ilipita miaka 50 hivi.

Mwaka 1957 katika hospitali ya Mulago, daktari wa upasuaji toka Ireland aitwaye Denis Burkitt aliitwa na mwenzake, Hugh Trowell, amtazame mtoto wa miaka 5. Mtoto alikuwa amevimba pembe zote nne za mataya, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt alikuwa na jicho moja, lingine alilipoteza akiwa mtoto. Alishangaa. Si jipu, maana jipu haliji pembe nne kwa pamoja. Muda si mrefu akawa Jinja hospitalini, akachungulia dirishani, akaona mtoto mwingine amekaa nje kwenye nyasi na mama yake, uso ule ule. Akatoka mbio kwenda kumtazama. Mtoto mmoja ni ajabu, lakini watoto wawili ni ugonjwa.

Akafungua majalada ya zamani. Akagundua kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe tumboni pia. Kumbe yale majina yote ya wakubwa wake yalikuwa ya mnyama mmoja aliyeshikwa mkia na huyu, sikio na yule. Kilichowaunganisha watoto hawa kilikuwa umri: hakuna aliyenyonya bado wala mwenye ndevu, wengi walikuwa wa miaka 4 hadi 9. Mwaka 1958 akachapisha makala yake huko Uingereza, na wataalamu wa maabara wa Mulago wakaonyesha kwamba ni kansa ya chembe nyeupe za damu, zile zinazotengeneza kinga ya mwili. Leo inaitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa hadithi inakuja kwetu. Oktoba 1961 Burkitt na wamishenari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari aina ya Ford, mtumba wa pauni 250, wakaondoka Kampala kuelekea kusini. Wiki 10, kama kilomita 16,000, hospitali zaidi ya 50, na picha za watoto mkononi: je, mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Ndizo wiki zile zile Tanganyika ilipopata Uhuru wake, 9 Desemba 1961. Wenzetu wanashona bendera, hawa wanauliza mataya.

Majibu walipoyaweka kwenye ramani yakachora picha ya ajabu. Ugonjwa haukufuata kabila wala mpaka wa wakoloni. Ulifuata joto na mvua. Karibu na ikweta haukuonekana kwenye nyanda za juu kupita mita 1,500 hivi, na kadiri walivyokwenda kusini, ndivyo ulivyozidi kushuka bondeni. Penye baridi chini ya nyuzi 16 hivi, hakuna. Penye ukavu, hakuna. Burkitt akaonyeshwa kwamba hiyo ni ramani ya mbu.

Ichukue kanuni hiyo uiweke juu ya mkoa wetu, huu wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Tunduma, Vwawa na Mbozi yote ya kahawa iko juu, zaidi ya mita 1,500, na wewe uliyewahi kulala Vwawa mwezi wa saba bila blanketi unajua nasema nini. Lakini teremka Momba hadi Kamsamba, kule bonde la Rukwa, hujafika hata mita 1,000. Joto, mpunga, mbu. Ndani ya mkoa mmoja tuna pande zote mbili za ramani ya Burkitt, na kati yake kuna barabara ya mchele. Watu wa juu wanadhani ugonjwa huo haupo kwa sababu kwao ni nadra, na watoto wa chini wanapandishwa juu kwenye magunia.

Kilichobaki kilielezwa taratibu. Mwaka 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na kijana mmoja, Anthony Epstein, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege toka Kampala. Mwaka 1964 yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong wakaona kirusi ndani yake, kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na kansa ya binadamu. Lakini kirusi hicho tunacho karibu sote. Kinapita kwenye mate, na watoto wetu wengi wanakipata kabla hawajaanza shule. Mbona basi hatuumwi wote? Jibu lililopatikana ni malaria. Malaria ya mara kwa mara inazisumbua zile chembe za kinga, zinazaliana ovyo ovyo, na katika kuzaliana ovyo kosa moja hutokea kwenye maandishi ya ndani ya chembe. Hapo ndipo inapoanza.

Hapa Tanzania jambo hilo lilijaribiwa. Kati ya 1977 na 1982, katika wilaya ya Mara ya Kaskazini, watoto wa chini ya miaka 10 waligawiwa vidonge vya klorokwini kuzuia malaria, ili ionekane kama limfoma nayo itapungua. Ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya vidonge. Wenyewe waliofanya utafiti hawakuthubutu kupiga ngoma. Mimi huwaheshimu watu wa namna hiyo kuliko wanaopiga.

Ila kilichonigusa zaidi ni saa. Uvimbe huu ni miongoni mwa vinavyokua haraka kuliko vyote katika mwili wa binadamu: unaweza kuwa maradufu kwa siku 1 au 2. Jumatatu ni ndimu, Ijumaa ni chungwa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ya haraka, dawa zinazopiga chembe zinazogawanyika zinaukuta uko wazi. Mwanzoni mwa miaka ya sitini pale Mulago walitoa dozi ndogo, kwa vile dawa zenyewe zilikuwa za kubahatisha, na uvimbe ukayeyuka mbele ya macho yao kwa siku chache. Baadhi ya watoto walipona moja kwa moja. Ni moja ya kansa za kwanza duniani kuponywa kwa dawa peke yake, na iliponyeshwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Umeona? Iliyo kali kuliko zote ndiyo inayosikia dawa kuliko zote.

Hata ndani ya utoto wenyewe umri unachagua mahali. Mtoto mdogo, wa miaka 3 au 4, anaupata zaidi tayani, wakati meno yake yanajengeka. Anayekaribia kubalehe anaupata zaidi tumboni. Na tayani dalili ya mwanzo kabisa mara nyingi si uvimbe. Ni magego kulegea, ya mtoto ambaye hajafika umri wa kung'oka meno.

Huku kwetu mtoto meno yakilegea unajua tunafanya nini. Kuanzia miaka ya themanini nchi hii ina gonjwa la kutunga liitwalo meno ya plastiki: mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, wanasema fizi zake zina meno mabaya, yang'olewe, na anang'olewa kweli kwa kitu chochote chenye ncha. Ukiwa umelelewa kwenye imani hiyo, jino lililolegea si swali, ni jibu.

Mama mmoja jirani yetu alikuwa akinunua mchele Kamsamba na kuuza Tunduma. Mwanawe wa miaka 5 alilegea magego mawili ya upande wa chini kushoto. Kwenye zahanati moja wakayang'oa, wakampa vidonge. Baada ya siku 5 shavu limejaa. Akarudi, wakamwambia ni usaha, wakaongeza jino la tatu. Kufikia wiki ya pili jicho la upande ule lilikuwa limeanza kusukumwa juu, maana taya la juu nalo lilishaingia. Nesi mmoja mstaafu aliyekuwa akipita kununua mchele ndiye aliyemtazama mtoto, akamuuliza mama mambo mawili tu. Ana miaka mingapi? Na mmekuwa mkiishi wapi? Kisha akamwambia usilale leo hapa, panda gari.

Mama aliuza mchele wote kwa bei ya hasara siku ile ile. Mbeya wakachukua kipande, na Dar es Salaam mtoto akaanza kudungwa dawa Muhimbili. Mama akatuambia alipoamka siku ya nne alidhani amelala na mtoto wa mtu mwingine, uso umerudi. Walikaa huko miezi. Mchele ulikwisha, mtaji ukaisha, nyumba ya kupanga ikachukuliwa na wengine. Yule kijana sasa yuko sekondari, anachezea timu ya kata namba 6, na ana pengo la meno 3 ambalo halina sababu.

Sasa tuje kwa utingo.

Mwaka 1872 kule Vienna, daktari Moritz Kaposi alieleza ugonjwa wa mabaka na vinundu vya rangi ya zambarau kwenye ngozi, hasa miguuni, kwa wanaume waliopita miaka 40. Afrika nako ulikuwepo. Mei 1961 wataalamu wa dunia walikutana Makerere kuujadili huu tu. Ulikuwa ugonjwa wa taratibu, mzee anakaa nao miaka mingi na mwisho anakufa kwa jambo lingine. Mdomoni ulikuwa hauonekani sana.

Mwaka 1983, Lusaka, daktari wa upasuaji Anne Bayley wa Hospitali Kuu ya Chuo Kikuu aliona kitu hakilingani. Wagonjwa wake wa Kaposi waliongezeka ghafla, na wengi hawakuwa wazee. Walikuwa vijana, watu wa kazi, wenye tezi zilizovimba na vinundu hata kwenye mapafu na kinywani, na dawa zilizowasaidia wazee hao hazikuwasaidia. Alipowagawa kwa namna ugonjwa ulivyokwenda, wakawa makundi mawili. Akaandika mwaka 1984. Mwaka uliofuata damu zilizopimwa Uingereza zikathibitisha: wengi wa kundi la zamani hawakuwa na kile kirusi kipya, na kundi jipya karibu lote lilikuwa nacho. Hicho ndicho tunachokiita leo virusi vya UKIMWI.

Tuseme ukweli, kutoka Lusaka hadi Nakonde ni kama kilomita 1,000 na barabara ni moja. Reli ya TAZARA ilikuwa imekamilika mwaka 1975, lami ilikuwepo, bomba la mafuta lilikuwepo. Sisi tulikuwa kituo cha kulala. Malori yanakaa siku 3, siku 5, wiki, yakingoja karatasi. Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 kila mkoa wa bara ulikuwa na wake. Kagera waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo. Mijini vijana wakageuza zile herufi za Kiingereza kuwa mzaha: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Mama yangu anasema Tunduma waliucheka mzaha huo mwaka mmoja, wa pili wakaucheka wachache, wa tatu hakuna aliyeurudia.

Kinywani Kaposi ya vijana hupenda kaakaa, ile dari ya mdomo, na ufizi. Baka la zambarau au jeusi, tambarare, haliumi. Halafu linainuka. Nesi mstaafu niliyemtaja, huyo huyo, ameniambia kwamba miaka ya tisini alijifunza kumwomba kila kijana aliyekuja na kikohozi afungue kinywa na kuinua kichwa kuelekea dirishani. Alikuwa anasoma dari. "Nikiona, mwanangu, nilikuwa sisemi kitu," aliniambia. "Nilikuwa sina cha kumpa." Kampala, ambako wanahesabu kansa tangu miaka ya hamsini, mwanzoni mwa miaka ya tisini Kaposi ilikuwa karibu nusu ya kansa zote za wanaume.

Mwaka 1994 huko New York, Yuan Chang na Patrick Moore wakakipata kirusi chenyewe cha Kaposi. Nacho, kwa huku kwetu, watu wengi hukipata utotoni, kwenye mate. Hapo niliweka kalamu chini. Virusi viwili, vyote vinaingia kwa mate, vyote kwa mtoto, pengine kwa mama anayemtafunia mwanawe chakula. Kimoja kikikutana na malaria kinashika taya la mwenye miaka 5. Kingine kinangoja kimya hadi kinga ishuke, na kinga ya miaka 28 iliposhushwa na UKIMWI, kikapanda darini. Na wasiokutana na hayo wanazeeka salama, mpaka wakutane na kikopo cha ugoro.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Kinga ikipanda, mabaka mengi ya kaakaa yanafifia yenyewe, mengine yanataka dawa za kansa juu yake. Kaposi haijaisha, inawapata hasa wanaochelewa kupima au wanaoacha dozi. Lakini yule utingo wa leo, mwenye kadi yake ya kliniki kwenye dashibodi, anazeeka. Ataingia kwenye umri wa Babu. Hilo mwaka 1990 lingekuwa ndoto.

Mpaka wenyewe umebadilika. Tangu mwaka 2019 Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja, ingawa foleni unaijua mwenyewe. Na mdomo wa kijana nao umebadilika tena. Nchi za Magharibi zimekuwa zikiona vijana wasiovuta chochote wakipata kansa ya ulimi, na sababu yake bado inatafutwa. Nyuma ya koo kuna nyingine, ya kirusi kile kile cha kansa ya shingo ya kizazi, ambacho Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2018. Kwetu mimi naona kitu cha karibu zaidi. Pale kijiweni Makambini, bodaboda karibu wote wana kipakiti kidogo cha tumbaku ya kuweka mdomoni, wanaita kuberi. Ni ugoro wa Babu uliovaa karatasi inayong'aa. Kansa ya wazee inahitaji miaka 20 au 30 ya kuchokozwa, hiyo hesabu haijabadilika. Kinachobadilika ni siku ya kuanza kuhesabu.

Wiki iliyopita nilipanda pikipiki ya dogo mmoja kutoka Mpemba. Alitema mate ya rangi ya chai mara tatu kabla hatujafika mjini. Nikamuuliza ana miaka mingapi. Akasema 22. Nikamuuliza kuberi ameanza lini.

"Kitambo, braza. Toka niko darasa la tano."